Kwa nini ada ya gari hukatwa kwenye ritani ya kodi Massachusetts, lakini Texas haikatwi?

Je, wajua? Huko Marekani, watu wawili wenye magari ya aina moja wanaweza kulipia ada za magari hayo, mmoja akaruhusiwa kutoa sehemu ya malipo hayo kwenye mapato yake kabla ya kukokotolewa kodi, mwenzake akaambulia patupu. Sheria ya serikali kuu ni ile ile kwa wote wawili. Tofauti iko kwenye hesabu ya jimbo.

IRS, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, haijali malipo yanaitwaje. Inataka yawe ya kila mwaka na yatozwe kwa thamani ya gari. Texas, ada ya msingi ya gari la kawaida ni dola 50.75, liwe jipya au mkweche wa miaka 20. Thamani haimo, basi hakuna cha kukata.

Massachusetts ni habari nyingine. Mkazi wa Lowell, mji wenye Wakenya wengi, hupokea bili ya kodi ya gari kutoka mji wake kila mwaka: dola 25 kwa kila dola 1,000 za thamani. Mwaka gari lilipotengenezwa, thamani hiyo ni asilimia 90 ya bei ya mtengenezaji; inashuka hadi 60, 40, 25, kisha 10, na hapo haishuki tena. Gari la dola 30,000 likiwa mwaka wa tatu huhesabiwa 12,000, na bili yake ni dola 300. Hizo zinakatwa. Dola 60 za usajili wa miaka miwili hazikatwi.

Zamani hata ada za leseni zilikatwa. Sheria ya mapato ya 1964 ndiyo iliyozifuta, ikabakiza kodi za mali, kama hii inayotozwa kwa thamani ya gari.

Ila usishangilie mapema. Kwa matumizi binafsi, makato haya huandikwa kwenye fomu ya Schedule A, ya kuorodhesha makato moja moja, na anayeijaza huacha punguzo la jumla, yaani kiasi maalumu cha kutoa kwenye mapato bila kuorodhesha chochote, ambalo kwa mwaka 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa. Makato ya mpangaji, ambaye hana riba ya mkopo wa nyumba ya kuorodhesha, ni nadra kulifikia. Anayefaidi hasa ni dereva wa teksi aliyejiajiri: ikiwa asilimia 70 ya safari zake ni za kazi, dola 210 kati ya zile 300 anaziandika kama gharama za biashara, punguzo lake la jumla likabaki palepale.