Hitilafu ya Umeme Inayokuja na Kupotea Katika Gari la Zamani: Jinsi ya Kuinasa

Koili (kifaa kinachozaa umeme mkali wa cheche za kuwashia petroli) iliyokufa kabisa hupatikana upesi, kwa sababu gari limesimama na mita husema kweli. Taabu iko kwa koili inayokufa injini ikipata joto na kufufuka ikipoa. Mwenye gari hulileta karakana likiwa zima, fundi asiye na subira humbadilishia plagi, pointi na nyaya zote, na wiki hiyohiyo gari huzimika tena njiani kuelekea Gede. Sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Malindi ni magari ya aina hiyo, yaani Peugeot 504, Land Rover za Series na Volkswagen Beetle, yaliyoundwa kabla kompyuta haijaingia katika injini. Msimamo wangu juu yake ni kwamba haifai kubadilisha kitu chochote mpaka ujue hitilafu inaletwa na nini, joto, unyevu au mtikisiko, na uweze kuileta mwenyewe kwa makusudi.

Mfumo wenyewe si mgumu. Umeme wa volti 12 hutoka katika betri, hupita swichi ya ufunguo, huingia kwenye koili, kisha hufika kwenye pointi zilizo ndani ya distribyuta, chombo kinachozigawia plagi umeme kwa zamu. Pointi zikigusana, koili hujaa sumaku. Zikiachana, sumaku hiyo huporomoka ghafla na kuzaa umeme wa maelfu ya volti, ambao hupita waya mnene wa katikati, rota, kifuniko na nyaya za plagi hadi kwenye plagi yenyewe. Kondensa huuzuia umeme usiruke kati ya ncha za pointi wakati zinapoachana. Kwa msakaji wa hitilafu jambo la kushika ni hili: upande wa volti 12 kwa kawaida huharibika kwa kukatika, na upande wa volti nyingi kwa kuvuja. Ni magonjwa mawili tofauti na vipimo vyake ni tofauti.

Mteja hunijia na kusema, «Fundi, niwekee koili mpya tu, nina safari.» Kabla ya kumjibu humwuliza gari lilizimika vipi. Kama lilikwamakwama, likavutavuta na kupoteza nguvu pole pole, mimi huanza na petroli: chujio, pampu, kabureta, na mpira wa petroli uliopitishwa karibu mno na injini, kwa maana joto letu linatosha kuichemsha petroli ndani yake. Kama lilizimika papo hapo, umeme ndio mshukiwa. Gari lenye saa ya mizunguko ya injini husaidia zaidi, kwa kuwa saa nyingi za umeme za wakati ule husoma mapigo ya koili. Mshale ukianguka hadi sifuri hali magurudumu bado yanaizungusha injini, basi upande wa volti 12 umekatika.

Chombo ninachokitegemea kuliko mita ni taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili ndefu. Waya mmoja naufunga kwenye koili, pale umeme unapoingia kutoka kwenye swichi, na wa pili kwenye bodi, kisha naileta taa yenyewe ndani, chini ya dashibodi. Tunaliendesha gari watu wawili, dereva akiangalia barabara na mwenzake akiiangalia taa, mpaka litakapozimika. Taa ikizimika pamoja na injini, umeme haufiki kwenye koili, na hapo natafuta kwenye swichi ya ufunguo, kwenye viungo vya nyaya na kwenye fyuzi, kama njia hiyo inayo. Taa ikibaki inawaka, ninaiacha swichi na kuangalia kuanzia koili kwenda mbele. Kwa hatua hiyo ya pili naibana taa ya taimingi, ambayo humeta kila umeme wa cheche unapopita, kwenye waya mnene wa katikati. Ikiacha kumeta wakati gari linapokata, shida iko kwenye koili, pointi au kondensa. Ikiendelea kumeta, iko kwenye rota, kifuniko au nyaya za plagi, au tumerudi kwenye petroli. Jaribio hilo moja hupunguza ubishi mwingi.

Koili inayokufa kwa joto hupimwa ikiwa na joto. Koili ya volti 12 isiyotumia kizuizi cha nje, yaani kipande kinachopunguza umeme unaoingia kwenye koili, huwa na ukinzani wa takriban omu 3 katika msokoto wake wa kwanza, ule wa upande wa volti 12, na ile inayohitaji kizuizi huwa na takriban omu 1.5. Kwa sura ni vigumu kuzitofautisha, na dukani huuzwa kwa pamoja. Ya omu 1.5 ikifungwa katika gari lisilo na kizuizi, itapitisha umeme mwingi mno, itachemka, na pointi zitaungua. Kuna dalili nyingine inayofanana na uchawi kwa asiyeijua: injini inawaka wakati stata inazunguka, lakini inakufa mara tu unapouachia ufunguo. Hapo tazama kizuizi, kwa sababu wakati wa kuwasha, umeme hukipita pembeni na kufika kwenye koili.

Unyevu ni habari ya pwani. Chumvi inayoletwa na upepo wa Kusi hukaa juu ya kifuniko cha distribyuta, usiku huvuta unyevu, na asubuhi gari hukosa silinda moja au mbili hadi jua lipande. Mteja akifika saa nne, kila kitu kimekauka. Kwa hiyo naliweka gari mpaka usiku, nawasha injini gizani na kunyunyiza ukungu mwembamba wa maji baridi kuzunguka kifuniko na nyaya, bila kuvigusa kwa mkono. Cheche za buluu zinazotambaa huonekana wazi. Ndani ya kifuniko tafuta mistari myembamba myeusi kati ya vichwa vya shaba. Uchafu huoshwa, lakini mstari uliokwisha kuungua ndani ya plastiki hauponi kwa kukwaruzwa.

Hitilafu inayonipendeza zaidi, kama hitilafu inaweza kumpendeza mtu, iko katika waya mdogo wa athi, yaani wa kuurudisha umeme kwenye mwili wa gari, ndani ya distribyuta. Sahani inayobeba pointi huvutwa kidogo na mvuto wa hewa kutoka injini kila mguu unapobadilika kwenye mafuta, na waya huo, unaoiunganisha sahani na mwili wa distribyuta, hupinda nayo kila mara kwa miaka. Nyuzi zake hukatika moja moja ndani ya ganda, na ganda lenyewe hubaki zima. Gari likisimama na injini ikinguruma taratibu, nyuzi zinagusana. Ukikanyaga mafuta, zinaachana na injini inakata. Mimi huzima ufunguo, naziba pointi kwa kipande cha karatasi kavu, naweka mita kati ya sahani na mwili, kisha naufyonza kwa mdomo mpira unaoleta mvuto wa hewa kwenye distribyuta. Sahani inajongea, na kama waya umeharibika, namba za mita zinaruka.

Vipuri vipya navyo visiaminiwe kwa upya wake. Kondensa nyingi za siku hizi hufa mapema, na rota zenye kishikizo cha chuma kilichopenya karibu na mhimili huweza kuvujisha cheche hadi kwenye mhimili wenyewe. Kondensa ya zamani iliyokwisha kuthibitika siitupi.

Wengine huuliza kama si bora kuziondoa pointi kabisa na kufunga moduli ya elektroniki inayofanya kazi yake. Si vibaya, mradi hitilafu iliyopo imeshaondolewa kwanza, kwa kuwa moduli haiponyi swichi mbovu wala athi iliyooza. Ukishaifunga, usiuache ufunguo ukiwa umewashwa injini ikiwa imezima, maana baadhi ya moduli huungua kwa njia hiyo, na ile sahani ya pointi pamoja na kondensa yake vihifadhi ndani ya gari vikiwa vimekwisha kurekebishwa.