Hela ya safari za skuli kwenda Jozani, Chumbe au Ngezi: ombi liandikwe vipi

Assalaam aleikum walimu, wazazi na kamati za skuli. Muhula ukianza tu, huku Zanzibar kwenye kitengo chetu cha elimu ya mazingira maombi ya safari yanamiminika, mengine kwa barua yenye muhuri, mengine mtu kapiga picha karatasi katuma kwa WhatsApp, na mengi yanarudi mikono mitupu. Sio kwamba skuli haina shida, shida tunazijua, ila karatasi yenyewe haimwambii mtoaji hela kitu cha kushika. Nimeona bora niyaandike hadharani kuliko kurudia kwa kila mwalimu mmoja mmoja kwenye simu.

Tuanze na kiingilio mana ndo kinachowasumbua wengi. Unakuta barua kurasa mbili nzima inaomba watoto wasilipe getini, na basi halijatajwa kabisa. Getini panazungumzika. Mwanafunzi wa hapa halipi bei ya mtalii, na pale kisiwa cha Chumbe ndo kabisa, kwa miaka mingi wanawapokea wanafunzi wetu na gharama inabebwa na hela wanazolipa wageni wa kisiwani. Kinachoua safari ni usafiri. Mtoto wa Nungwi kumfikisha msitu wa Jozani ni kuvuka karibu Unguja nzima, wa Mkoani kwenda msitu wa Ngezi hivyo hivyo, anatoka kusini ya Pemba mpaka kule juu Konde, na anaetaka kwenda kisiwa cha Misali lazima apate boti, Wesha kwa mfano, na boti nayo inataka mafuta. Wala sio sisi tu. Marekani kuna mpango wa Every Kid Outdoors, mtoto wa darasa la nne anapewa pasi ya kuingia bure kwenye hifadhi za serikali kuu, sasa pasi haina magurudumu, ndo mana taasisi ya National Park Foundation ikaweka ruzuku inayosaidia kulipia mabasi ya watoto. Kama kule mtoto anakwama kwa basi, ww wa Makangale usione aibu kuandika basi mstari wa kwanza kwenye bajeti.

Na likiandikwa liandikwe vizuri. "Usafiri" halafu tarakimu moja kubwa, hiyo haisomeki. Andika basi la watu wangapi, kutoka wapi mpaka wapi, kwenda na kurudi, na uambatanishe bei kutoka kwa wenye magari wawili au watatu tofauti. Andika chai na chakula cha mchana kwa idadi ya vichwa, na dereva na kondakta nao ni vichwa wanakula. Maji ya kunywa. Sanduku la dawa za huduma ya kwanza. Hela kidogo ya dharura, kama gari limeharibika Kitogani watoto watarudi na nini? Lakini posho za walimu zisizidi chakula cha watoto jamani, hilo tunaliona sana na mtoaji hela akiliona anafunga faili hapo hapo.

Sasa kitu kinachotenganisha ombi linalopita na lisilopita, nacho ni somo. Sentensi inayokuja kila mara ni "ili wanafunzi wapate kujifunza mazingira". Mazingira gani? Watajua nini jioni ambacho asubuhi walikuwa hawakijui? Chukua mfano wa mikoko ya Pete, pale karibu na Jozani penye njia ya mbao. Mwalimu anaweza kuwapitisha watoto wakapiga picha wakarudi. Au anaweza kuandika hivi: darasa litatengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja kwa paipu za fundi bomba, kila kikundi kitaiweka chini sehemu tatu, upande wa baharini, katikati na upande wa nchi kavu, watahesabu mashimo ya kaa na miche ya mikoko iliyoota, wakirudi watachora grafu kwenye somo la hesabu. Halafu kila mtoto atatafuta mchu, aina mojawapo ya mikoko, ataupitisha ulimi kwenye jani. Jani la mchu lina chumvi juu yake, mti unakunywa maji ya bahari kisha unaitoa chumvi kupitia majani, na mtoto alieonja kwa ulimi wake humwambii tena alikariri. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui haufanyi hivyo, wenyewe unaizuia chumvi sehemu kubwa huko huko mizizini, kwahiyo hapo swali la mtihani limeshapatikana. Ombi kama hilo fremu yake hata bei haina, na ndo linalopita.

Jozani kwenyewe kuna kima punju, mnyama ambae asili yake ni Unguja tu hakuna pengine duniani, na watoto wengi wa mjini hawajawahi kumuona wakati mtalii katoka Ulaya kaja kumuona. Waulize kwa nini anakula mkaa. Anakula majani ya miti ya muembe na mkungu yenye sumu sumu ndani yake na mkaa unasaidia kuinasa, hilo limefanyiwa utafiti. Pemba waende kwa popo wa Kidike. Popo wa Pemba yupo Pemba peke yake, miaka ya nyuma alikuwa akiwindwa na kuliwa mpaka ikabaki kidogo atoweke, wakaja wanakijiji wenyewe wakalinda miti anayolala na leo wamejaa tele. Kwa mtoto wa Chake hilo ni somo la uraia sio la sayansi tu.

Tarehe. Hapa walimu wengi wanachagua siku kwa kuangalia kalenda ya ukutani, lakini safari ya pwani inafuata mwezi. Huku kwetu wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji yanakupwa karibu na saa nne asubuhi, yaani pale pale basi limefika na watoto wameshakunywa chai, na maji yanashuka sana, tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Ukienda wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayashuki sana, saa nne hiyo hiyo bahari imejaa na mwamba wote uko chini, mtakaa mnaangalia maji. Kwahiyo hesabu mwezi wa Kiislamu, siku zinazofuata mwandamo na siku zinazofuata mwezi mpevu, utakuwa hujapotea, na muulize mvuvi yeyote atakupa saa kamili. Masika msiende, na kama safari ni ya boti mchunge pia na kusi linapovuma. Ramadhani inajulikana.

Kuhusu boti niseme kidogo. Wazazi wa hapa hawajaisahau ajali ya meli ya Spice Islander ya Septemba 2011 wala ya Skagit ya Julai 2012, mwaka mmoja haujapita vizuri tukazika tena. Mzazi akikataa mtoto wake kupanda chombo usimwite mshamba. Mualikeni skuli, mueleze chombo gani, kimesajiliwa, kinabeba wangapi na nyinyi mtapanda wangapi, majaketi ya kuokolea yapo ya saizi ya mtoto (ya mtu mzima mtoto anachomoka), kisha ndo asaini fomu ya ruhusa. Mkutano huo uandike kwenye ombi. Waandike pia watoto wenye ulemavu, wanakwendaje. Na wasichana, mana kuna wazazi wanataka kusikia kuna mwalimu wa kike, basi muweke na umtaje.

Nani wa kumuomba? Watu wanakimbilia majina makubwa. Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF, una programu ya ruzuku ndogo inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, ila hiyo inatoa kwa jumuiya na vikundi vya wananchi na ruzuku yake ni ya miradi, sio ya kulipia basi moja la Jumamosi. Hapo skuli iungane na kikundi cha shehia kinachopanda mikoko kwa mfano, safari za wanafunzi ziwe kipengele ndani ya mradi wao. Kwa safari moja moja nenda karibu: hoteli iliyopo kijijini kwenu, mwenye maduka, waliosoma skuli hiyo zamani ambao sasa wapo Dar na Muscat. Hoteli nyingi hazitoi keshi lakini zina gari linalolala bure siku fulani na jiko linaloweza kupika wali wa watoto 40, na msaada wa aina hiyo uthaminishe kwa shilingi uuweke kwenye bajeti kama mchango, mtoaji mkubwa akiona kuna mwengine ameshaweka mkono anapata imani. Elimu bure tulitangaziwa tangu Septemba 1964 lakini basi la Jozani halikuwemo, na kumchangisha mzazi kwa lazima sio njia, mana atakaebaki nyumbani ni yule yule alietakiwa aende.

Mkishapewa hela kuna ripoti, na ripoti ndo inayoleta hela ya mwakani. Kurasa mbili zinatosha, zile grafu za kaa walizochora watoto ziwemo, na risiti. Dereva wa daladala na nahodha wa mashua hawana vitabu vya risiti, sawa, muandike kwa mkono: jina, tarehe, safari ya wapi, kiasi, namba ya simu, sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja. Fanyeni hivyo kabla watu hawajashuka, mana nahodha akishapokea chake na maji yakaanza kujaa, kumpata tena ni mpaka bamvua jengine.