Paa bapa halitakiwi liwe sawa kabisa

Yakhe hili la paa bapa tuliweke wazi, maana wengi huku Unguja wanadhani likiitwa bapa basi liwe sawa sawa, fundi anaweka pima maji, kiputo kikikaa katikati anasifiwa. Siyo. Paa la kibanda cha bustani lazima lilalie upande mmoja, hata kama kwa mbali huoni. Ukiezeka mbao na karatasi ya lami ya kuviringisha, kila sentimita 40 lishuke 1, yaani kibanda cha mita 2 toka mbele hadi nyuma, nyuma kinakuwa chini kwa sentimita 5, ukipunguza hapo mbao zikipinda kidogo tu maji yanatuama kati, na masika ndo utayaona.

Bati la migongo ndo linataka zaidi, kama digrii 10 hivi, kwa mita 2 hizo hizo ni karibu sentimita 35, la sivyo mvua ya upepo inasukumwa juu inapenya kwenye maungio. Na msumari upigwe juu ya mgongo, si bondeni maji yanapopita (kuna mafundi wavivu jamani!). Mteremko wenyewe utoe kwenye nguzo, za mbele ndefu za nyuma fupi, usije ukaanza kuchomekachomeka vipande vya mbao juu ya boriti.