Enzi za zamani na mlango wa ualimu: dhana potofu kuhusu sifa za kuingia chuo kikuu

Kila msimu wa udahili hakosekani mtu wa kusema ualimu umeshushwa hadhi: zamani chuo kikuu kilichuja, kikachukua waliofaulu kweli kweli, na siku hizi wanaokotwa tu. Kauli hiyo haikosi chembe ya ukweli, lakini historia haiiungi mkono kama wasemaji wanavyodhani. Kwa muda mrefu walimu wengi duniani hawakukanyaga chuo kikuu kabisa. Na masharti ya kuingia yalikaza au kulegea kutegemea mahitaji ya shule, mara nyingi kuliko kutegemea heshima ya kazi.

Dhana: Vyuo vikuu vimeanza kuandaa walimu juzi juzi

Ni kinyume chake. Katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya, shahada yenyewe ilikuwa ruhusa ya kufundisha. Kanuni za Chuo Kikuu cha Paris za mwaka 1215 zilisema asiruhusiwe mtu kufundisha fani za msingi za chuo kabla hajatimiza miaka 21 na kusikiliza masomo kwa miaka 6, tena aahidi kufundisha kwa angalau miaka 2. Aliyetaka kufundisha teolojia alisubiri hadi miaka 35.

Ugumu huo wote ulikuwa kwenye mlango wa kutokea. Mlango wa kuingilia ulikuwa mwepesi ajabu: hapakuwa na cheti cha sekondari wala mtihani wa taifa. Kijana wa miaka 14 au 15 aliyeelewa Kilatini, akapata mwalimu wa kumpokea chini ya jina lake, alianza masomo. Mjadala wa leo karibu wote uko kwenye alama za kuingilia. Wazee wa Paris walijali zaidi mtu anatoka akiwa na nini.

Dhana: Zamani mwalimu bila digrii hakuwa mwalimu

Hapa ndipo watu huchanganya walimu wa aina mbili. Huko Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, mwaka 1810, serikali iliweka mtihani maalumu kwa waliotaka kufundisha katika shule za sekondari za juu, na hao walitoka chuo kikuu. Kuanzia mwaka 1834 hakuna aliyeingia chuo kikuu huko bila kufaulu Abitur, mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari alipita milango miwili migumu.

Mwalimu wa watoto wadogo hakupita hata mmoja. Yeye alisomea seminari ya ualimu, bila Abitur, na akitaka kuhamia chuo kikuu alikuta njia imefungwa. Hali hiyo ilidumu hadi karne ya 20: akademia za ualimu zilizodai Abitur kwa walimu wa shule za msingi zilianza Prussia mwaka 1926. Ufaransa ilifuata njia inayofanana na hiyo. Sheria ya mwaka 1833 ilitaka kila mkoa uwe na chuo chake cha ualimu, nje kabisa ya mfumo wa vyuo vikuu.

Marekani, chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali kilifunguliwa Lexington, jimbo la Massachusetts, Julai 3, 1839. Siku ya kwanza walijitokeza wasichana watatu. Masharti yake yanafaa kusomwa na kila anayesifia zamani: umri usiopungua miaka 16, ujuzi wa kusoma, kuandika, sarufi, jiografia na hesabu, tamko kwamba unakusudia kuwa mwalimu, na uthibitisho wa tabia njema. Leo mhitimu wa darasa la saba aliyesoma vizuri angekuwa na ujuzi huo.

Uingereza walikwenda chini zaidi. Mpango wa mwaka 1846 uliruhusu mtoto wa miaka 13 kuwa mwanafunzi-mwalimu, akifundisha wenzake mchana na kusomeshwa na mwalimu mkuu baada ya vipindi, kwa miaka 5. Aliyefaulu mtihani mwishoni alipata ufadhili wa kwenda chuo cha ualimu. Ilikuwa hadi mwaka 1890 ndipo vyuo vikuu vilipofungua vyuo vya kutwa vya ualimu chini yao, na vijana wenye vipaji wa familia za kawaida wakaanza kukaa kwenye kumbi za mihadhara pamoja na watoto wa mabwana.

Dhana: Waliosomea ualimu zamani walikuwa na wito, siyo kufuata mkopo

Hii inanichekesha kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Uingereza ililipia miaka 4 ya chuo kikuu, mitatu ya shahada na mmoja wa mafunzo ya ualimu, kwa sharti kwamba mwanafunzi asaini ahadi ya kufundisha kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Kwa kijana wa familia maskini hiyo ilikuwa karibu njia pekee ya kupata digrii. Basi wakasaini. Wapo waliopenda kufundisha tangu utoto, na wapo waliotaka fizikia au Kigiriki tu, ila bei ya kuvipata ilikuwa kalamu na karatasi ya ahadi. Mfumo huo uliishi hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Anayeshangaa leo kwamba vijana huchagua ualimu kwa sababu una ufadhili, anashangaa jambo la zaidi ya miaka 100.

Dhana: Ualimu ni kazi ya wanawake, basi wao hawakuzuiwa

Darasani walikaribishwa, chuo kikuu ni habari nyingine. Prussia haikuwapokea wanawake kama wanafunzi kamili wa vyuo vikuu hadi mwaka 1908. Chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kiliwaruhusu kufanya mitihani ya shahada rasmi kuanzia mwaka 1881, wakafaulu, lakini hakikuwapa digrii hadi mwaka 1948. Oxford ilianza kuwapa mwaka 1920.

Kwa mwalimu mwanamke aliyetaka ukuu wa shule, kukosa digrii ilikuwa hasara ya mshahara na cheo. Ndipo kati ya mwaka 1904 na 1907, Trinity College ya Dublin, Ireland, ilipokubali kuwatunuku digrii wanawake waliokwisha kufaulu Oxford na Cambridge. Zaidi ya 700 walivuka bahari kwa meli, wakalipa ada, wakavaa joho na kurudi na shahada. Wengi wao walikuwa walimu. Sifa zote walikuwa nazo, kasoro jinsia.

Dhana: Alama za mtihani ndizo zimekuwa kigezo siku zote

Mfano mzuri wa kuivunja hii uko Tanzania. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa na sheria peke yake; sanaa, na ualimu ndani yake, vilikuja mwaka 1964. Mwombaji alitoka kidato cha sita na matokeo yake mkononi, moja kwa moja.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana Musoma na kuubadilisha utaratibu huo. Chini ya Azimio la Musoma, aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa apite Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mwaka mmoja, afanye kazi kwa angalau miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Alama nzuri bila barua nzuri hazikumfikisha Mlimani, yaani chuo kikuu hicho cha Dar es Salaam. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba msomi anayetoka shuleni kwenda chuoni bila kugusa kazi huota kiburi na kujitenga na wananchi.

Kwa ualimu kulikuwa na faida: aliyewahi kusimama mbele ya darasa halisi alijua anarudi kufanya nini. Gharama nayo ilionekana haraka. Idadi ya wanawake ilipungua, kwa kuwa miaka mitatu ya kusubiri ni mingi kwa msichana ambaye familia inamtazamia aolewe, na masomo ya sayansi yakakosa watu. Miaka michache baadaye wanawake walisamehewa sharti la kazi, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likaachwa.

Kilichonivutia zaidi ni upande wa pili wa azimio hilo hilo. Liliagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo Novemba 1977, wakati walimu hawakuwapo. Kwa hiyo mkutano uliomwongezea mhitimu wa kidato cha sita miaka mitatu kabla ya chuo kikuu ndio uliosababisha wahitimu wa darasa la saba kufunzwa ualimu papo hapo vijijini, kwa redio, masomo kwa posta na mazoezi ya darasani. Hao ndio walimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Miongo mitatu baadaye, sekondari za kata zilipoongezeka ghafla, wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache, na watu wakawapachika jina la voda fasta, kutokana na huduma ya haraka ya kuongeza salio la simu.

Dhana: Ukishapata shahada, vyeti vya sekondari havina kazi tena

Uingereza ilipokaza masharti mwaka 1984, iliwataka wote wanaoingia mafunzo ya ualimu wawe wamefaulu Kiingereza na hisabati kwa kiwango maalumu katika mtihani unaofanywa na vijana wa miaka 16. Mwenye shahada nzuri ya historia angeweza kurudishwa kwenye hesabu za sehemu na pembetatu. Baadaye wakaongeza sayansi kwa walimu wa msingi, ila sharti hilo liliwahusu waliozaliwa kuanzia Septemba 1, 1979. Aliyezaliwa Agosti 31 alipita bila hilo.