Kuacha Sigara kwa Msaada wa Simu

Anayeacha sigara hatelezi akiwa mbele ya mshauri. Huteleza baadaye: amemaliza kula, amegombana na mtu, amekaa na wenzake wanaovuta, na kliniki imeshafungwa. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika ubongoni sekunde chache baada ya kuvuta moshi, na ubongo uliokwisha kuizoea huidai kwa nguvu. Hamu hiyo kwa kawaida hutulia baada ya dakika chache. Katika dakika hizo, simu ndiyo iliyo karibu.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao txt2stop, ulioshirikisha wavutaji 5,800. Waliosaidiwa walipokea jumbe tano kwa siku katika wiki tano za mwanzo, kisha tatu kwa wiki kwa takribani miezi sita. Wengine walipata jumbe zisizohusu kuacha. Baada ya miezi sita, asilimia 10.7 ya waliosaidiwa walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 4.9 ya wenzao, na majibu yao yalithibitishwa kwa vipimo vya mwili. Wapo wanaoona idadi hiyo ni ndogo. Sikubaliani nao: kuwaongeza maradufu wanaoacha, kwa SMS zinazopokelewa hata na simu ya vitufe, ni jambo kubwa.

Nguvu ya huduma ile haikuwa katika wingi wa jumbe peke yake. Mshiriki alipanga kwanza siku yake ya kuacha. Hamu ikimzidi, alituma neno moja akajibiwa papo hapo. Akiwa ameshavuta, alikuwa na neno jingine la kutuma, akasaidiwa kuendelea. Hilo la pili nalithamini zaidi, kwa sababu wengi wakivuta sigara moja hujiona wameshindwa kabisa, kumbe safari bado ipo.

Programu za simu janja ni nyingi na zinavutia, lakini ushahidi wake bado ni hafifu kuliko wa SMS. Kabla ya kupakua, angalia nani ameitengeneza, taarifa zako zinakwenda wapi, na kama haikuuzii sigara za kielektroniki kwa mlango wa nyuma.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zimekuwa zikisaidia nchi kuanzisha huduma za kuacha sigara kwa simu tangu 2012. India ilianza mwaka 2016, na mtu hujisajili kwa kubipu tu.

Simu haichukui nafasi ya dawa. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi kwa wengi: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, kukosa utulivu. Viraka vya kubandika kwenye ngozi au chingamu za nikotini hupunguza makali hayo, na zikiambatana na ushauri nasaha huongeza uwezekano wa kufaulu. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wazungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuzitumia.