Mbwa Anayechechemea Bila Kulia Huwa Anaumia

Wafugaji wengi huamini kwamba mbwa aliyeanza kuchechemea ghafla, lakini halii na bado anakula vizuri, hana maumivu, na kwamba kusubiri wiki kadhaa ni njia ya kuokoa fedha. Imani hiyo si sahihi. Mbwa huweza kuficha maumivu, na kule kukataa kukanyagia mguu ndiyo dalili yenyewe.

Chanzo kimojawapo cha kawaida katika mguu wa nyuma ni kukatika kwa kano iliyo ndani ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi kuteleza mbele. Kano iliyokatika kabisa haiungi yenyewe. Goti lililolegea husaga gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa), kiungo huvimba na kukakamaa, na si ajabu goti la pili likaumia baadaye, gharama ikawa maradufu.

Kubana matumizi kwa kumpa dawa za binadamu ni hatari zaidi, kwani ibuprofeni huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli huweza kuumiza ini.

Hata hivyo, si kila jeraha huhitaji upasuaji. Mbwa mdogo, hasa wa chini ya kilo 15, huweza kupata nafuu kwa kupumzishwa, kupunguzwa uzito na kupewa dawa alizoandikiwa na daktari wa mifugo. Mweleze daktari huyo mapema kiasi unachokimudu (wengi huona haya bila sababu), ili apange vipimo kwa awamu. Mguu unaoning'inia, mfupa uliojitokeza au damu isiyokoma haviwezi kusubiri.