Ukihama ugali ukahamia uji, usikae nyumbani: maswali na majibu kuhusu kushindwa kumeza

Nafanya kazi kwenye chumba cha kipimo cha kamera ya tumbo. Simulizi ninayoipata pale kitandani ni moja, hubadilika jina la mgonjwa tu: "Sista, ilianza nyama kukwama, nikaacha nyama. Ukafuata ugali, nikaacha ugali. Nikahamia wali wa bokoboko, ndizi za kuponda, kisha uji. Sasa hata maji yanarudi." Nikiuliza ni tangu lini, naambiwa miezi mitano, miezi minane. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wagonjwa na ndugu zao. Mengine nayajibu kila wiki.

Kushindwa kumeza ni nini hasa?

Ni chakula, kinywaji au mate kutopita sawasawa kutoka mdomoni hadi tumboni. Tatizo likiwa juu, kwenye koromeo, mtu anapaliwa, anakohoa akinywa maji, au maji yanamtokea puani. Likiwa chini, kwenye umio, anameza vizuri, halafu baada ya sekunde chache anasikia tonge limesimama kifuani. Umio ni ile njia ya misuli, ya urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, inayopeleka chakula tumboni. Koo linalouma siku tatu kwa mafua silizungumzii hapa.

Nyama na ugali vinakwama, lakini uji unapita vizuri. Si nisubiri kwanza nione?

Hapana. Umio hauna mfupa wala ukuta mgumu, unatanuka. Kitu kinaweza kuota ndani yake muda mrefu na chakula kikaendelea kupita kwa kukizunguka. Vyakula vigumu huanza kukwama pale njia inapobaki na upana wa milimita 13 hivi, karibu na unene wa kidole chako cha mwisho. Kwa hiyo siku ya kwanza tonge linapokukwama siyo siku ya kwanza ya ugonjwa. Umeshachelewa kidogo, na uji unakusaidia kuchelewa zaidi.

Nikitafuna sana na kusukumia kwa maji, linapita. Bado niende hospitali?

Ndiyo, nenda. Kusukumia kwa maji ndiyo dalili yenyewe. Mtu mzima aliyekuwa anakula ugali na maharage miaka 40 bila glasi ya maji pembeni, leo hawezi kula bila glasi, huyo ana shida ya kumeza hata kama sahani inaisha. Kulainisha chakula hakutibu kitu. Kunaficha tu, tena kunamficha mgonjwa mwenyewe na mke wake anayempikia. Chakula kikikwama mara kwa mara kwa wiki mbili, usingoje ya tatu.

Lakini siumwi. Hakuna maumivu yoyote.

Ndiyo maana watu wanachelewa. Uvimbe wa umio mara nyingi hauumi mwanzoni. Tazama mkanda wako: umeongeza matundu mangapi? Tazama shati la Pasaka iliyopita. Mtu anayepungua uzito huku chakula kinakwama haendi kununua dawa ya kuongeza hamu ya kula. Anakwenda kupimwa.

Mimi nasikia kinakwama hapa kooni, siyo kifuani. Bibi anasema ni kimeo, kikatwe.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Kila mtu anacho, na hakizibi njia ya chakula. Ila kuna jambo wengi hawalijui: kizuizi kilichoko chini kifuani kinaweza kusikika kana kwamba kiko kooni. Mgonjwa anaonyesha shingo kwa kidole, kamera inakuta tatizo sentimita 20 chini yake. Sasa mkataji anakata pale palipoonyeshwa, mgonjwa anavuja damu, anapata maambukizi kwa kisu ambacho kimepita midomo mingi, na uvimbe uko palepale, na mwezi mwingine umekwenda. Namheshimu bibi. Kimeo kisikatwe.

Duka la dawa wamenipa omeprazoli, wanasema ni vidonda vya tumbo.

Umeambiwa hivyo kwa sababu ulisema "kifua kinawaka". Ulisema pia kwamba chakula kinakwama? Kiungulia peke yake kwa kijana kinaweza kujaribiwa dawa. Kiungulia pamoja na kukwama kwa chakula, hapana, hakijaribiwi. Nakutana na wagonjwa wenye mfuko wa maboksi matupu: omeprazoli, dawa nyeupe ya kutafuna, unga wa mizizi, tena omeprazoli. Hakuna kidonge cha vidonda vya tumbo kinachoondoa uvimbe. Chakula kinakwama? Kipimo kwanza.

Kwa hiyo unasema ni saratani?

Sisemi ni saratani, nasema hatujui mpaka tutazame. Asidi inayopanda kutoka tumboni kwa miaka inaweza kuunguza umio ukapona na kovu linalobana njia. Aliyewahi kumeza soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, hata utotoni, anaweza kupata kovu la namna hiyo. Mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajaanza dawa au ameziacha anaweza kupata fangasi wa umio. Huyo humeza kwa maumivu makali, na vidonge vya flukonazoli kwa wiki mbili hadi tatu humrudisha mezani. Sababu adimu naziacha, daktari atazitafuta zikihitajika.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, kupitia Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni kati ya sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio, na Malawi imo kati ya nchi zinazoongoza. Kwetu haimpati mzee tu. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, imejulikana kwa kuwawekea wagonjwa wa saratani hii mabomba ya kufungua njia, na miongoni mwa wagonjwa wa eneo lile wamo vijana wasiofika miaka 30. Usijiambie "mimi bado kijana".

Inasababishwa na nini? Ni kweli chai?

Tumbaku na pombe vinajulikana, gongo ikiwemo. Kuhusu chai, mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto wake, majani ya chai hayana kesi. Wale wanaojisifu kwamba chai isiyounguza ulimi siyo chai, iacheni dakika chache kikombeni. Haitawakimbia.

Nimeambiwa kinyama cha kupeleka maabara kikikatwa kwenye uvimbe, saratani inaamka na kusambaa.

Hapana. Kinyama kinachochukuliwa ni kidogo kama punje ya mchele, na bila hicho maabara haiwezi kusema ni ugonjwa gani, wala daktari hawezi kuchagua tiba. Najua uvumi huu unatoka wapi. Mtu alikuja akiwa hamezi mate, akakatwa kinyama, mwezi uliofuata akafariki, na msibani kinyama ndicho kikabeba lawama. Hakuna aliyehesabu ile miezi minane ya uji.

Ikionekana ni saratani, kuna matibabu gani?

Ikiwahi, kuna upasuaji wa kuondoa sehemu ya umio, au mionzi pamoja na dawa za saratani, na wengine hupewa vyote kwa mpangilio wa daktari. Kwa Tanzania, mionzi ipo katika hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando, Mwanza. Ikichelewa, mara nyingi tunabaki na stenti: bomba la wavu linalopitishwa kwa mdomo na kutanukia palipoziba, ili mgonjwa ale. Stenti haiponyi, inafungua njia tu. Mwenye nayo akate nyama vipande vidogo, atafune, ale akiwa ameketi wima na ashushie kwa maji. Kwa wale wenye makovu habari ni nzuri zaidi, kwa sababu njia hutanuliwa kidogo kidogo kwa vifaa maalumu, mara kadhaa, na wengi hurudi kwenye chakula cha kawaida.

Mwiba wa samaki ukikwama, si unameza tonge kavu la ugali?

Acheni. Tonge linaweza kuuzamisha mwiba ndani ya ukuta wa umio, na umio ukitoboka unakuwa ugonjwa wa kuua. Mwiba ukigoma kutoka kwa kukohoa, maumivu yakiendelea au mate yakishindwa kupita, twende hospitali leo hii. Mtoto aliyemeza betri bapa ya rimoti apelekwe mbio, maana huunguza umio ndani ya saa mbili. Na aliyekunywa soda kali msimtapishe wala msimpe mafuta, ikirudi juu inaunguza mara ya pili. Akina mama mnaotengeneza sabuni, nawaomba: soda kali isikae kwenye chupa ya soda ya kunywa. Mtoto hasomi lebo, anaona chupa.

Baba amepata kiharusi, hawezi kula. Tunamnywesha uji akiwa amelala.

Uji huo unaingia mapafuni. Baada ya kiharusi misuli ya kumeza inaweza kulegea, na homa ya mapafu ikammaliza mgonjwa aliyekuwa amenusurika. Asipewe kitu mdomoni kabla hajapimwa kumeza. Akiruhusiwa, aketi wima, alishwe kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti ikiwa kama yenye maji, simamisheni. Akiwekewa mpira wa puani wa kumlishia, msimwibie uji pembeni nesi akigeuka. Tunawaona.

Nijiandaeje kwa kipimo cha kamera?

Mwambie mhudumu mapema kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, za kisukari au za presha. Usile kwa saa 8 kabla ya kipimo. Kama chakula huwa kinakwama, tumia vimiminika tu siku nzima iliyotangulia, kwa sababu mabaki yanaziba kamera na yanaweza kukupalia. Kooni utapuliziwa dawa ya ganzi. Ukichomwa sindano ya kusinzia, uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Na kile kikombe cha uji cha alfajiri, "kidogo tu sista, nilikuwa nasikia kizunguzungu", tafadhali kiache. Kwa ajili yake tunawarudisha watu nyumbani, na tarehe mpya haipatikani kesho yake.